Kaseti Kwanza, Mashine Baadaye

Kila inapotangazwa mashine mpya ya kuchezea michezo ya video ya zamani, swali lile lile huibuka: kuna sababu gani ya kutoa dola 200 au zaidi kwa kifaa ambacho kazi yake yote ni kuendesha michezo iliyotengenezwa miaka 30 au 40 iliyopita, ilhali simu ya kawaida inaweza kuiendesha michezo hiyo hiyo bila gharama ya ziada? Ni swali la haki, na wapenzi wa vifaa hivi, nami nikiwa miongoni mwao, mara nyingi hulijibu kwa kuitukuza teknolojia badala ya kueleza waziwazi mnunuzi anapata nini kwa fedha zake. Msimamo wangu ni kwamba baadhi ya mashine hizi zinastahili kila senti inayotozwa, lakini zinastahili kwa sababu ya kaseti, yaani vipande vya plastiki vyenye mchezo vinavyochomekwa kwenye mashine, ambazo mnunuzi tayari anazo. Asiye na kaseti ananunua nusu ya kitu, tena ile nusu inayopatikana kwa urahisi kwa njia nyingine.

Kwanza ni vyema kuziweka kando zile mashine ndogo za bei nafuu ambazo watu wengi huzichanganya na hizi. Mwezi Novemba 2016 Nintendo walitoa toleo dogo la NES, mashine yao ya miaka ya 1980, kwa dola 59.99, likiwa na michezo 30 iliyohifadhiwa ndani, na mwaka uliofuata wakatoa toleo dogo la Super NES, mrithi wa NES, lililokuwa na michezo 21, ukiwamo Star Fox 2, mchezo uliokamilika katika miaka ya 1990 lakini haukuwahi kuuzwa hadi siku hiyo. Sega nao walifuata mwaka 2019 kwa Mega Drive ndogo yenye michezo 42 iliyoshughulikiwa kwa uangalifu mkubwa. PlayStation ndogo ya Sony, iliyotoka Desemba 2018 kwa dola 99.99, ndiyo iliyowavunja watu moyo, kwa kuwa baadhi ya michezo yake 20, Tekken 3 ukiwa mmojawapo, iliwekwa katika toleo la Ulaya linalokwenda kwa hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde badala ya 60, hivyo mchezo wa ngumi unaotegemea kasi ukawa mzito hata kwa mtu asiyejua sababu. Zote hizo kwa ndani ni kompyuta ndogo zinazoendesha emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani. Hazina mahali pa kuchomeka kaseti. Ni zawadi nzuri, na yeyote anayetaka kucheza michezo michache maarufu mwishoni mwa juma hana haja ya kutafuta zaidi.

Mashine ghali ni habari nyingine. Jina linalotajwa zaidi katika uwanja huu ni Analogue, kampuni ya Marekani, ambayo mashine yake ya kwanza ya NES, iitwayo Nt, iliuzwa kwa takriban dola 500 na ilitumia chipu halisi zilizotolewa katika mashine za zamani na kuwekwa ndani ya ganda la alumini. Mwaka 2017 ikaja Nt mini, ambayo iliachana na chipu hizo za zamani na kutumia chipu ya aina ya FPGA iliyopangwa na mhandisi Kevin Horton. Kisha zikafuata Super Nt ya mwaka 2018 kwa michezo ya Super NES na Mega Sg ya mwaka 2019 kwa michezo ya Mega Drive, kila moja kwa dola 189.99, halafu Analogue Pocket ya Desemba 2021 kwa kaseti za Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, na jamaa zake, na hivi karibuni Analogue 3D kwa kaseti za Nintendo 64, iliyotangazwa kwa dola 249.99.

FPGA ni chipu ambayo inapotoka kiwandani haina kazi maalumu. Ndani yake mna maelfu ya milango ya mantiki, yaani saketi ndogo za kuamua ndiyo au hapana, isiyounganishwa, na mhandisi huandika maelezo ya jinsi milango hiyo itakavyoungana ili ifanye kazi kama chipu fulani ya zamani. Tofauti yake na emuleta ya kawaida inaonekana vizuri ukiitazama Super NES, ambayo ndani yake mlikuwa na prosesa kuu, chipu mbili za picha, na sehemu ya sauti yenye prosesa yake na saa yake, zote zikienda kwa wakati mmoja. Emuleta inayoendeshwa na kompyuta inalazimika kuzihudumia sehemu hizo kwa zamu, hatua moja baada ya nyingine, kwa kasi inayotosha mchezaji asigundue. FPGA huziacha zote zifanye kazi sambamba, kama zilivyokuwa katika mashine ya asili.

Kutokana na hilo, matangazo ya Analogue hudai kwamba hakuna uigizaji wowote katika mashine zao, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. FPGA haimrudishii mtu chipu ya mwaka 1990. Inamletea uelewa wa mhandisi fulani kuhusu chipu hiyo, na uelewa huo unaweza kuwa na makosa, ndiyo maana mashine hizi nazo hutolewa masasisho ya kurekebisha michezo iliyokuwa ikienda mrama. Kwa upande mwingine, emuleta iitwayo bsnes ilithibitisha miaka mingi iliyopita kwamba programu ya kompyuta inaweza kuifuata Super NES hadi katika mapigo ya saa yake, mradi kompyuta iwe na nguvu za kutosha. Kwa hiyo mtu akikuambia ununue mashine ya dola 190 kwa sababu ya usahihi pekee, mwombe akutajie mchezo mmoja ambao emuleta nzuri inaukosea nawe utaugundua ukiwa umekaa na pedi ya kuchezea mkononi. Mara nyingi atakosa jibu.

Faida ambayo mkono unaihisi ni ya muda. Televisheni za chogo zilichora picha mstari kwa mstari, na mashine za wakati huo zilitengeneza kila mstari wakati huo huo ulipokuwa ukichorwa, bila kuhifadhi picha nzima mahali popote. Mchezaji alipobonyeza kitufe katika Super Mario Bros., mashine ilisoma pedi, ikakokotoa, na Mario, mhusika mkuu, akaonekana akiruka katika fremu chache tu, yaani picha chache zinazofuatana, ambapo kila fremu huchukua takriban milisekunde 16.7. Leo njia kati ya kidole na macho ina vituo vingi zaidi. Pedi isiyo na waya hupeleka ishara kwa zamu, mfumo wa uendeshaji huipokea unapopata nafasi, emuleta hutengeneza picha nzima kisha huiweka foleni, na televisheni bapa nayo huichukua picha hiyo na kuisafisha kabla ya kuionyesha. Televisheni isiyowekwa katika hali ya michezo inaweza kuongeza makumi ya milisekunde peke yake, na nyingine hupita mia. Hakuna kituo hata kimoja kinachoonekana kuwa na kosa kubwa, lakini jumla yake ni kwamba Mario anaruka baada ya kuwa ameshaanguka shimoni.

Super Nt na wenzake huondoa vituo kadhaa katika njia hiyo, kwa kuwa hakuna mfumo wa uendeshaji unaosimama katikati na picha haisubiri foleni ndefu kabla ya kutoka. Mtu aliyezoea kucheza kwa simu akiishika pedi yenye waya iliyounganishwa na mashine ya namna hii huhisi tofauti katika hatua za mwanzo za mchezo, hasa katika michezo inayodai kuruka kwa wakati wake. Hata hivyo haki inanilazimu kuongeza jambo moja: emuleta za siku hizi zina mbinu ya kuendesha mchezo fremu moja au mbili mbele ya wakati na kuonyesha matokeo mapema, na katika kompyuta yenye nguvu mbinu hiyo hupunguza pengo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo hata faida hii haitoshi kusimama yenyewe kama sababu ya kutoa fedha nyingi.

Ndipo tunaporudi kwenye kaseti, kwa sababu hapo ndipo mashine hizi hazina mshindani wa kweli. Kaseti ya zamani haikuwa sanduku la kubebea data tu. Mara nyingi ilikuwa kipande cha mashine. Star Fox wa mwaka 1993 ulikuwa na prosesa yake ndani ya kaseti, iitwayo Super FX, iliyokokotoa maumbo ya pande tatu ambayo Super NES peke yake isingeyaweza. Emuleta inalazimika kuiigiza chipu hiyo pia. Ukiichomeka kaseti ile ile katika Super Nt, chipu halisi ya mwaka 1993 ndiyo inayofanya kazi yake, na mashine mpya inasimama tu mahali pa ile ya zamani. Nikiwa mtu ninayejali vitu hivi vidumu, jambo hilo hunigusa kuliko maelezo yote ya kiufundi kuhusu milango ya mantiki.

Pamoja na chipu, kaseti nyingi zilikuwa na kumbukumbu ya hatua ulizofikia, na kumbukumbu hiyo haibaki hai bila umeme. Ndani yake mna betri bapa ya duara, kwa kawaida CR2032 au CR2025, iliyolehemiwa kwenye bodi kwa vibati viwili vidogo. Betri hizo hudumu miaka mingi, lakini hazidumu milele, na kaseti za Pokémon Gold na Silver huzimaliza mapema zaidi kwa sababu betri hiyo hiyo huendesha saa ya mchezo usiku na mchana. Betri ikifa, mchezo bado unawaka na kuchezeka, ila ukizima mashine kila ulichofanya kinafutika. Kuibadilisha ni kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye mkono mtulivu: unafungua skrubu kwa bisibisi yenye kichwa maalumu cha milimita 3.8, unanakili kwanza kumbukumbu kwa kifaa kidogo cha kusomea kaseti kinachounganishwa na kompyuta, unayeyusha lehemu upande mmoja kisha mwingine, unaiinua betri ya zamani pamoja na vibati vyake, na unalehemu mpya yenye vibati tayari huku ukihakikisha upande chanya unatazama palepale ulipokuwa ukitazama. Ukiruka hatua ya kunakili, kumbukumbu hupotea betri inapong'oka, na hakuna namna ya kuirudisha. Baada ya hapo unasafisha meno ya kaseti kwa kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi kidogo, nacho hutoka cheusi hata kwenye kaseti iliyoonekana safi. Kupuliza kwa mdomo, kama tulivyozoea wengi wetu utotoni, huongeza unyevu katika meno hayo.

Mtu aliyefanya kazi hiyo kwa kaseti zake ndiye ambaye mashine ya dola 190 ilitengenezwa kwa ajili yake. Analinda kitu alicho nacho, kitu ambacho hakuna duka la mtandaoni linaloweza kukizima. Hofu hiyo ya kuzimwa si ya kubuni. Mwezi Machi 2023 Nintendo walifunga maduka ya Wii U na 3DS, na mamia ya michezo ikabaki bila njia halali ya kununuliwa upya. Mwaka huo huo taasisi ya Video Game History Foundation ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena sokoni. Katika hali hiyo, kifaa kipya kinachosoma kaseti moja kwa moja, kikatoa picha safi kwa HDMI na kikaja na ahadi ya mtengenezaji nyuma yake, kina kazi ya maana ambayo usajili wa kila mwezi wa kucheza michezo mtandaoni hauwezi kuifanya.

Mashine ya asili nayo ina matatizo yake. NES ya mwaka 1985 ina kishikio cha kaseti chenye meno 72 ambayo hulegea kwa kutumika, na hapo ndipo taa nyekundu maarufu huanza kuwaka na kuzima. Kapasita za Game Gear, mashine ya mkononi ya Sega, huvuja na kuila bodi. Hata mashine ikiwa nzima, televisheni bapa haiijui vizuri ishara yake, hivyo mwenye nayo hulazimika kutafuta televisheni ya chogo, ambayo ni nzito na mafundi wake wanapungua kila mwaka, au kununua kigeuzi cha picha. Kigeuzi bora kilichotoka mwishoni mwa mwaka 2023, RetroTINK 4K, kilianza kwa dola 750. Ukizijumlisha gharama hizo, Super Nt inaonekana kuwa njia ya kubana matumizi, jambo ambalo wakosoaji wa bei yake hawalitaji.

Kuhusu picha yenyewe, kifaa ambacho nakisifia bila kusita ni Analogue Pocket. Skrini ya Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na pikseli, yaani nukta za picha, 160 kwa 144. Skrini ya Pocket ina pikseli 1600 kwa 1440, yaani mara kumi kamili kila upande, hivyo kila pikseli ya zamani inakuwa mraba wa pikseli 100 mpya. Umuhimu wa ukamilifu huo unaonekana unapoukosa. Simu inapolazimika kukuza picha ile ile kwa mara nne na nusu, baadhi ya mistari inakuwa minene kuliko mingine, na mandhari inaposogea picha nzima inaonekana kama inatambaa. Katika Pocket mistari yote ni sawa, na kwa kuwa kila pikseli ya zamani ina nafasi ya kutosha ndani yake, mashine inaweza kuchora hata mianya myembamba iliyokuwepo kati ya nukta za skrini ya asili pamoja na ule ukijani wake hafifu. Herufi ndogo za Tetris zinasomeka, na vivuli vya picha zake vinaonekana kama vilivyobuniwa. Kwa Super NES hesabu haiwi nzuri hivyo, kwa kuwa mistari 224 ikikuzwa mara nne inafika 896 na ikikuzwa mara tano inafika 1120, na skrini ya kawaida ina mistari 1080. Lazima uchague kuacha utepe mweusi au kukata sehemu ya picha.

Yapo mambo ambayo fedha hazinunui. Bunduki ya NES ilitegemea namna televisheni ya chogo ilivyochora picha: ukivuta kifyatulio katika Duck Hunt skrini huwa nyeusi kwa kitambo, kisha mraba mweupe huchorwa mahali pa bata, na bunduki huutafuta mwanga huo kwa wakati uliokwisha kupangwa. Televisheni bapa huchelewa, mwanga haufiki kwa wakati, na bata haanguki kamwe, hata mashine iwe ya bei gani.

Kinachonikera zaidi ni biashara ya uhaba. Mashine hizi hutengenezwa kwa mafungu, fungu huisha mapema, kisha walanguzi huziuza tena kwa bei ya kukatisha tamaa, huku matoleo ya rangi maalumu yakiwasukuma watu wanunue kwa hofu ya kukosa. Pocket ya alumini iliuzwa kwa dola 499.99, na inacheza michezo ile ile kwa namna ile ile kama ya plastiki. Ninaelewa uzuri wa kifaa kilichotengenezwa vyema, na sioni aibu kuupenda, lakini aliyelipa tofauti hiyo amelipia ganda. Namshauri yeyote asinunue kwa mlanguzi, maana bei yake inafuta hoja zote nilizozieleza hapa kuhusu thamani.

Kwa asiye na kaseti hata moja, ushauri wangu ni tofauti kabisa. Aanze na emuleta katika kompyuta au simu aliyo nayo, aunganishe pedi yenye waya, na televisheni yake aiweke katika hali ya michezo. Akiona bado anataka FPGA, upo mradi wa wazi uitwao MiSTer, unaotumia bodi ya DE10-Nano, ambao huigiza mashine nyingi za nyumbani pamoja na zile za kumbi za michezo, na kazi yake inaweza kukaguliwa na kusahihishwa na yeyote mwenye ujuzi. Hausomi kaseti, lakini yeye hana kaseti.

Imebaki Nintendo 64, ambako hukumu yangu ni ngumu kidogo. Mashine hiyo ya mwaka 1996 ni miongoni mwa zile zilizowatesa waandishi wa emuleta kwa muda mrefu, hivyo FPGA inayosoma kaseti zake ina sababu nzuri zaidi ya kuwepo kuliko zote. Hata hivyo michezo yake ilitengenezwa kwa picha yenye ukungu, Ocarina of Time ilikwenda kwa fremu 20 tu kwa sekunde, na skrini kubwa ya leo haifichi lolote kati ya hayo. Zaidi ya hapo, usukani mdogo ulio katikati ya pedi ya asili husagika ndani kwa ndani hadi ukawa unga mweupe wa plastiki, na pedi ya namna hiyo haiwezi kumtembeza Link, shujaa wa mchezo huo, kwa mstari ulionyooka katika mashine yoyote, mpya au ya zamani. Mwenye kaseti za Nintendo 64 na dola 250 mkononi ningemwambia atazame kwanza pedi zake. Ikiwa zimelegea, anunue pedi mpya kwanza, na mashine iwe ununuzi wa pili.